Peter Tufano na swali la nani anaweza kusema hapana

Kwenye shule za biashara maneno "ushirikiano wa sekta" yanatajwa kila siku, serikali, kampuni, NGO na chuo kikuu wakae meza moja, mkataba usainiwe, picha ipigwe. Ukiuliza nini kilibadilika kwa mwananchi baada ya hiyo picha mara nyingi jibu hakuna. Ndo maana nimekipenda sana kisa cha Peter Tufano, aliyekuwa mkuu wa Saïd Business School pale Oxford kuanzia 2011 mpaka 2021, kwa sababu kwenye kazi yake unaweza kuonyesha kwa kidole kabisa, sheria hii imebadilika, fomu hii ya kodi imebadilika, akaunti hii ipo na kuna watu wameweka hela humo. Na unaweza kuonyesha pia palipokwama, na hapo palipokwama ndo kuna utamu wa kisa chenyewe.

Tuanze na mtu mwenyewe. Tufano ni mtu wa Harvard toka mwanzo, digrii ya kwanza ya uchumi, MBA na PhD zote kachukulia hapohapo, akaanza kufundisha Harvard Business School 1989 akakaa miaka 22. Fani yake ilikuwa fedha za makampuni, hasa jinsi kampuni zinavyojikinga na hatari. Kazi yake moja inayotajwa sana, ya 1996, ilihusu migodi ya dhahabu ya Amerika ya Kaskazini. Migodi yote inakabiliwa na kitu kilekile, bei ya dhahabu kupanda na kushuka, lakini mingine inajikinga sana na mingine haijikingi kabisa, sasa kwa nini? Akakuta mameneja wenye hisa nyingi za kampuni yao ndo wanaojikinga zaidi, na wale wenye opsheni nyingi, yaani haki ya kununua hisa za kampuni baadaye kwa bei iliyopangwa mapema, wanajikinga kidogo, maana opsheni inakulipa bei ikiruka juu na ikianguka hupotezi sana. Yaani ukitaka kujua kwa nini kampuni inafanya inachofanya, angalia anayeamua ananufaikaje. Nitalirudia hilo jambo, maana naona alilibeba mpaka kwenye kazi zake za baadaye hata kama hakuwa analitangaza.

Kampuni ya dhahabu ina mhasibu, ina mshauri, ina benki inayoibembeleza. Familia yenye kipato cha chini haina hata mmoja wa hao, na bado hatari zinazoikabili ni kubwa kuliko za mgodi, gari likiharibika mtu hafiki kazini, asipofika kazini hakuna mshahara, na kodi ya nyumba haisubiri. Baadaye, 2011, yeye na Annamaria Lusardi na Daniel Schneider walichapisha utafiti ambao mimi naona kila anayefanya kazi ya fedha angeusoma. Waliwauliza Wamarekani swali moja rahisi: ukihitaji dola 2,000 ndani ya siku 30, utazipata? Karibu robo walisema hakika hawatazipata. Wengine asilimia 19 walisema watazipata, ila kwa kuuza vitu vya ndani, kuweka rehani au kuchukua mikopo ile ya haraka yenye riba ya kutisha. Hiyo ni Marekani, nchi tajiri, na kati ya waliokuwa wanahangaika walikuwemo watu wenye kipato cha kati, siyo maskini peke yao.

Ila kabla ya huo utafiti alishafanya uamuzi ambao ndo chanzo cha kisa hiki. Mwaka 2000 alianzisha na wenzake shirika lisilo la faida, Doorways to Dreams, wengi wakiliita D2D, ambalo siku hizi linaitwa Commonwealth. Mawazo ya fedha yanayopaswa kumsaidia mwananchi yachukuliwe, yajaribiwe na watu halisi kwenye taasisi halisi, na likionekana linafanya kazi lisukumwe mpaka liwe jambo la kawaida, ndo ilikuwa kazi ya hilo shirika. Fikiria kwa maprofesa hii inamaanisha nini. Profesa analipwa heshima kwa kuchapisha, wala hakuna anayempandisha cheo kwa sababu kakaa na afisa wa kodi wakibishana juu ya mstari wa fomu. Kwahiyo kama ile hoja ya migodi ni kweli, kwamba mtu anafuata maslahi yake, basi ilibidi ajenge chombo pembeni ambacho maslahi yake ni jambo litokee, siyo liandikwe tu.

Sasa twende Tulsa, Oklahoma, 2004. Marekani mfanyakazi wa kipato cha chini mwenye watoto anaweza kupata marejesho ya kodi makubwa, yaani hela ambayo serikali inamrudishia, kupitia nafuu inayoitwa EITC, na kwa familia nyingi hiyo ndo hela kubwa kuliko zote wanayoiona kwa mkupuo mmoja mwaka mzima. Kama kuna siku moja ambayo familia inaweza kuweka akiba basi ni siku hiyo, maana mwezi wa kawaida hakuna kinachobaki. Tatizo likawa dogo mpaka linaudhi. Idara ya kodi, IRS, ilikuwa inatuma marejesho kwenye akaunti moja tu. Ukitaka nusu iende akiba na nusu iende kulipa madeni, haiwezekani, inakuja yote kwa pamoja mahali pamoja, halafu uje ujilazimishe mwenyewe kuigawa wakati watoto wanataka viatu na mwenye nyumba anapiga simu. Kila mtu anajua hiyo vita inaishaje.

D2D wakashirikiana na shirika la kijamii la Tulsa lililokuwa linawajazia watu fomu za kodi bure, na benki, wakatengeneza njia ya mzunguko: hela inaingia kwanza mahali pamoja, halafu inagawanywa kwenda akaunti mbili kama mtu alivyoagiza siku ile ile alipokuwa amekaa kwenye kiti anajaziwa fomu. Kilichonivutia hapo ni muda. Mtu anaamua kuhusu hela ambayo bado hajaishika. Waliokubali hawakuwa umati mkubwa, lakini wale waliokubali walipeleka karibu nusu ya marejesho yao kwenye akiba. Na watafiti hawakuficha kwamba miezi michache baadaye sehemu ya hizo akiba ilikuwa imeshatumika. Nawaheshimu kwa hilo, maana ingekuwa rahisi sana kutangaza ushindi siku ya kuhesabu amana.

Jaribio la Tulsa lisingeweza kuenea vile lilivyo, lilikuwa na kazi nyingi za mkono, benki gani itakubali huo usumbufu kwa mamilioni ya watu? Kilichotakiwa ni IRS wenyewe wabadilishe fomu. Na hapa ndo naanza kuona swali ambalo kwangu linaeleza kazi nzima ya huyu prof, hata kama ni maneno yangu na siyo yake: nani anaweza kusema hapana? Tulsa benki ilisema ndiyo, NGO ilisema ndiyo, wananchi walisema ndiyo, lakini aliyekuwa na hapana ya mwisho alikuwa ofisi moja Washington yenye mfumo wa kompyuta. Kwahiyo wakapeleka ushahidi huko, pamoja na mashirika mengine mengi yaliyokuwa yanalipigania jambo hilohilo, na msimu wa kodi wa 2007 ikatoka Fomu 8888.

Hiyo fomu ningependa uione. Ni karatasi ya kuchosha kabisa. Unaandika kiasi, unaandika namba ya benki, unaweka tiki kama ni akaunti ya matumizi au ya akiba, unaandika namba ya akaunti, halafu mistari hiyohiyo inajirudia mara ya pili na ya tatu. Akaunti tatu, basi. Hakuna nembo ya Oxford wala Harvard, hakuna jina la mradi, hakuna shukrani kwa wafadhili. Mtu wa Alabama anayeijaza hajui na hana haja ya kujua kwamba nyuma yake kuna NGO ya Boston na kituo cha kujaza kodi Oklahoma. Mimi naamini hicho ndo kipimo cha ushirikiano uliofanikiwa, jambo likishakuwa la kawaida majina ya walioshirikiana yanapotea.

Wakaendelea hapohapo kwenye mlango wa kodi. Tufano na Schneider walikuwa wameshaandika 2005 kwamba hatifungani za akiba za serikali ya Marekani (unaikopesha serikali hela, inakurudishia na riba), zile ambazo zamani wazazi walikuwa wanawanunulia watoto, zifufuliwe kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo. Ni kitu kizuri kwa mtu asiyeaminiwa na mabenki, hazihitaji uwe na akaunti, hazina makato, hazipotezi thamani na unaanza na hela kidogo. Serikali yenyewe ilikuwa imepunguza kuzitangaza kwa sababu ukiangalia kwa jicho la gharama, kuuza karatasi za dola 50 ni hasara tu. D2D wakafanya majaribio ya kuziuza wakati watu wanajaza kodi, kwenye ofisi za H&R Block, kampuni ya kujazia watu fomu za kodi, na kwenye vituo vya kujitolea, wakaonyesha kwamba watu wananunua, na wengi wanawanunulia watoto na wajukuu. Septemba 2009 Obama akatangaza kwamba marejesho yataweza kununua hatifungani, na kuanzia 2010 ikawa sehemu ya Fomu 8888, mafungu ya dola 50 mpaka dola 5,000.

Sasa tuje kwenye sehemu iliyompa jina zaidi, na ambayo sisi tuliozungukwa na mikeka ya kubeti inatugusa moja kwa moja. Akiba yenye zawadi. Wazo lenyewe lina miaka mingi. Uingereza walianzisha Premium Bonds 1956, Macmillan akiwa waziri wa fedha, unanunua hatifungani, hela yako haiguswi, ila badala ya riba ya uhakika unaingia kwenye droo. Mtaji wako ukiutaka unaupata wote. Ukikosa zawadi ulichokosa ni riba tu, tofauti kabisa na kubeti ambako mkeka ukichanika hela yote imekwenda. Tufano alizichambua takwimu za Premium Bonds kwa miongo kadhaa akaonyesha kwamba Waingereza walikuwa wanazichukulia kama akiba na kama bahati nasibu kwa wakati mmoja. Na wasomaji wa Muscat wanalijua hili vizuri, Bank Muscat ina akaunti yake ya zawadi, al Mazyona, kwa miaka mingi tu, ingawa najua Waislamu wengi wanaiona ina harufu ya kamari na hoja yao ni nzito, siyo ya kupuuzwa na mtu anayetaka kupeleka wazo hili Zanzibar au Mombasa.

Lakini somo kubwa lilitoka Afrika Kusini. Januari 2005 First National Bank walianzisha akaunti ya Million a Month, watu wakaiita MaMA. Riba ilikuwa robo ya asilimia, karibu na hakuna, lakini kila randi 100 uliyoweka inakupa nafasi kwenye droo ya kila mwezi ya kushinda randi milioni moja. Watu walimiminika. Tufano pamoja na Shawn Cole na Benjamin Iverson walipata data za ndani za benki wakazichambua, na matokeo yake kiukweli yanashangaza. Waliokuwa na hali ngumu ya kifedha, na wale ambao hawakuwa na akaunti nyingine ya amana, ndo waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufungua. Akiba ya washiriki iliongezeka kwa wastani wa asilimia 1 ya kipato chao cha mwaka, ambayo ilikuwa nyongeza ya asilimia 38 juu ya akiba ya kawaida. Akaunti nyingine za akiba za benki hiyo hazikuonekana kunyonywa. Kilichoonekana kupungua ni hela ya kwenda kwenye bahati nasibu ya kawaida.

Soma hiyo sentensi ya mwisho tena halafu fikiria nani ataumia. Bodi ya Bahati Nasibu ya Taifa ilienda mahakamani, ikasema hii ni bahati nasibu na bahati nasibu kwa sheria ni yetu, na Machi 2008 Mahakama Kuu ya Rufaa ya Afrika Kusini ikakubaliana nao. MaMA ikafa. Benki ilikuwa na bidhaa nzuri, wateja walikuwa wanaipenda, na ushahidi wa utafiti ulikuja kuonyesha kwamba inasaidia watu walewale ambao serikali inasema kila siku inataka kuwasaidia, na hakuna kati ya hivyo vilivyozuia kifo chake. Wengine wanasimulia kisa hiki kama benki jasiri dhidi ya bodi katili, mimi siwezi kukubali hivyo. Bodi ilikuwa inalinda kazi iliyopewa na bunge, na hela ya bahati nasibu ya taifa inakwenda kwenye mambo ya jamii pia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwakutanisha kabla, akamwuliza mwenye uwezo wa kusema hapana, wewe utapoteza nini na tufanyeje ili usipoteze.

Linganisha na Michigan. Marekani sheria za shirikisho zilikuwa zinakataza mabenki kujihusisha na bahati nasibu, na majimbo mengi yana bahati nasibu yao wenyewe ambayo ni chanzo cha mapato, kwahiyo ugomvi ulikuwa uleule unawasubiri. Walichofanya D2D ni kutafuta mahali ambapo hapana haipo. Wakakuta sheria ya Michigan ya 2003 ya credit union, ambazo sisi tungeziita SACCOS tu, inaruhusu SACCOS kufanya droo ya kuhamasisha akiba. Ilikuwa imelala pale kwenye vitabu. Wakaungana na Filene, ambayo ni taasisi ya utafiti ya hizo SACCOS, na umoja wa SACCOS wa jimbo, na SACCOS 8 zikakubali kuanza 2009, mradi ukaitwa Save to Win.

Mpangilio wake ulikuwa na akili sana. Unafungua cheti cha akiba cha mwaka mmoja, kila dola 25 unayoweka ni tiketi moja, na tiketi zina kikomo kwa mwezi ili tajiri asije akajaza droo peke yake. Ukipata shida kuna ruhusa ya kutoa hela, ila mara moja tu. Kuna zawadi ndogondogo kila mwezi halafu moja kubwa ya dola 100,000 mwisho wa mwaka. Sasa SACCOS moja ndogo ya wafanyakazi ingetoa wapi zawadi ya dola 100,000? Haiwezi. Lakini nane zikichangia mfuko mmoja wa zawadi, kupitia umoja wao, inawezekana, na kila moja inaonekana kwa mwanachama wake kama ni ya kwake. Hapo ndo umuhimu wa kuwa na umoja wa jimbo, kwa sababu yeye ndo anaaminiwa na wote nane na hashindani na yeyote. Ukimtoa huyo katikati mradi mzima unaanguka, hata kama una profesa wa Harvard na wafadhili wazuri.

Mwaka wa kwanza walifungua akaunti watu zaidi ya 11,600 na zikawekwa dola milioni 8.6, katikati ya ule mdororo mkubwa, ndani ya Michigan ambayo viwanda vya magari vilikuwa vinapumulia mashine. Zawadi kubwa ilikwenda kwa bibi wa miaka 86. Riba wakati huo ilikuwa imeshuka karibu na sifuri kwahiyo mwekaji hakuwa anajinyima kitu kikubwa kuingia kwenye droo, na hilo lisemwe wazi, bahati ya wakati ilisaidia. Riba ikiwa asilimia 5 hesabu inakuwa nyingine.

Baada ya Michigan kuonyesha, majimbo mengine yakaanza kupitisha sheria zao, Nebraska, North Carolina, Washington. Ila mabenki ya kawaida yalibaki nje kwa sababu ya sheria ya shirikisho. Hapo wakaingia wabunge, na angalia mchanganyiko wao: Derek Kilmer, Mdemokrati wa Washington, na Tom Cotton, Mripablikani wa Arkansas, kwenye baraza la wawakilishi, Jerry Moran Mripablikani wa Kansas na Sherrod Brown Mdemokrati wa Ohio kwenye seneti. Watu ambao kwa mambo mengine hawakubaliani hata saa ni ngapi. Wahafidhina waliona ni soko huru na mtu kujitegemea, waliberali waliona ni ulinzi wa maskini, na kila mmoja aliweza kwenda jimboni kwake akasimulia kwa lugha yake. Tarehe 18 Desemba 2014 Obama akasaini American Savings Promotion Act. Toka wazo mpaka sheria ni karibu miaka kumi, na ukihesabu toka D2D ianzishwe ni miaka 14. Wafadhili wetu wanaotaka matokeo ndani ya miezi 18 waiangalie hiyo namba.

Wakati sheria inapita Tufano alikuwa ameshakaa Oxford miaka mitatu. Na hii nafasi ya ukuu wa shule watu wengi wanaiona kama jambo tofauti na kazi ya akiba, mimi naona ni kisa kilekile kimehamia ndani ya chuo. Saïd Business School ilizaliwa kwa ugomvi. Wafic Saïd aliahidi pauni milioni 20, na 1996 wanataaluma wa Oxford walipiga kura kuikataa sehemu iliyopendekezwa kujengwa, wengi wao hawakuamini kabisa kwamba biashara ni somo la kukaa pamoja na falsafa na historia. Shule ikaja kujengwa karibu na stesheni ya treni, ikafunguliwa 2001. Kwahiyo mkuu anayeingia 2011 anakuta shule changa yenye jina kubwa la chuo mgongoni na majirani wanaoitazama kwa jicho la pembeni.

Angeweza kuifanya ijitegemee, ishindane na shule nyingine za biashara kama London na INSEAD kwenye orodha za ubora, ingekuwa njia rahisi. Alichofanya ni kuisukuma iingie ndani zaidi ya Oxford. Kukaja 1+1 MBA, mwanafunzi anafanya mwaka mmoja wa shahada ya uzamili idara nyingine, labda mazingira, labda afya, labda sayansi ya kompyuta, halafu mwaka wa pili MBA. Ukae ufikirie kilichohitajika hapo: kila idara ina taratibu zake za kudahili, ada zake, vyuo vyake vya ndani, na kila moja ina uwezo wa kusema hapana. Ukaja mpango wa GOTO ambao wanafunzi wote wa MBA wanafanyia kazi tatizo moja kubwa la dunia pamoja na watafiti wa idara nyingine. 2017 ikafunguliwa Oxford Foundry, kituo cha ujasiriamali kwa wanafunzi wa chuo kizima, wa historia alikuwa anakaa na wa injinia, na Tim Cook wa Apple ndo alikuja kuizindua. Tufano mwenyewe kabla hajatoka Harvard alishashiriki kuanzisha Innovation Lab yao kwa wazo hilohilo.

Hapo kwenye ukuu nakiri ushahidi ni mwembamba kuliko kwenye akiba. Mwanafunzi aliyesoma mazingira na MBA anakwenda kufanya nini miaka 20 baadaye, hilo halipimwi kwa fomu ya kodi. Na kuna hoja ya haki kabisa kwamba mtu akishakuwa mkuu wa shule, muda wake unaliwa na wafadhili na majengo, na zile kazi za kukaa na kituo cha kodi Oklahoma zinabaki kwa wengine. Commonwealth waliendelea bila yeye kuwa mbele, na hilo mimi nalihesabu upande wa mafanikio.

Udhaifu ambao unanisumbua zaidi ni mwingine. Akiba yenye zawadi, kugawa marejesho, hatifungani, vyote vinamsaidia mtu kuhifadhi hela aliyonayo. Havimwongezei kipato. Yule asiyeweza kupata dola 2,000 ndani ya siku 30 mara nyingi ameishiwa kwa sababu mshahara hautoshi, na mpangilio mzuri wa fomu hauna dawa ya hilo. Tufano mwenyewe ni mwandishi mwenza wa ule utafiti kwahiyo hakuwa mgeni na hilo. Nafikiri alichagua vitu ambavyo vinaweza kupita, na hilo ni chaguo lenye gharama yake: jambo ambalo wabunge wa pande zote wanalikubali kwa kawaida ni jambo ambalo halimnyang'anyi mtu yeyote kitu.

Kwa wale wa SACCOS na VICOBA wanaosoma hapa Tanzania na kuanza kupata mawazo, anzeni na hilo swali la hapana. Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina lake la kusema, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ina lake, na mashehe na maaskofu wa eneo lenu wana lao ambalo wanachama wanalisikiliza kuliko hizo ofisi mbili. Afrika Kusini walianza na bidhaa wakamalizia na mahakama. Michigan walianza na kifungu cha sheria.

Tufano alimaliza Oxford 2021 akarudi Harvard Business School, sasa nguvu zake nyingi kaziweka kwenye biashara na mabadiliko ya tabianchi, ambako wenye uwezo wa kusema hapana ni wengi mara mia. Save to Win ipo. Kugawa marejesho kwenye akaunti tatu kupo. Ila kile kipande cha hatifungani kwenye Fomu 8888 Hazina ya Marekani imekiondoa, kuanzia tarehe 1 Januari 2025 huwezi tena kununua hatifungani ya karatasi kwa marejesho yako, unaelekezwa ukafungue akaunti mtandaoni. Bibi aliyekuwa anamnunulia mjukuu ya dola 50 akiwa amekaa kituo cha kodi sasa anatakiwa kuwa na imeli, namba ya benki na uvumilivu wa kufungua akaunti ya TreasuryDirect, yaani vikwazo vilevile ambavyo lile jaribio la kwanza lilikuja kuviondoa.